Mitindo ya Waingereza: Kutoka Kuponi Hadi Marobota

Tumezoea kusema kwamba fulani amevaa Kizungu, kana kwamba Wazungu wamevaa namna moja tangu enzi za Adamu. Lau bibi wa London wa mwaka 1945 angefufuka leo na kutembezwa katika barabara ya Oxford, angedhani amepelekwa ugenini.

Bibi huyo alivaa kwa kuponi. Tangu Juni 1941 hadi Machi 1949 serikali ya Uingereza iliwapimia raia wake nguo kama sukari. Koti lilitiwa viraka na gauni la mama likakatwa kuwa la binti.

Vijana waliokulia katika dhiki hiyo ndio waliokuja kuleta vurumai. Mwaka 1955 Mary Quant alifungua duka lake, Bazaar, katika barabara ya King's Road, na katika miaka ya sitini jina lake likawa moja na sketi fupi, mini. Wafaransa hudai kwamba Courrèges wao ndiye aliyetangulia. Quant mwenyewe, aliyefariki mwaka 2023, alisema kwamba waliobuni ni wasichana wa mtaani waliotaka kukimbilia basi na kucheza dansi. Hapo ndipo mambo yalipopinduka. Zamani mtindo ulishuka kutoka kwa matajiri. Sasa ulipanda kutoka barabarani.

Sketi hiyo ilifika kwetu upesi na ikazua balaa. Vijana wa TANU waliitangazia vita Tanzania kuanzia Januari 1969, na Idi Amin akaipiga marufuku Uganda mwaka 1972. Nastaajabu kwamba mabwana waliokasirishwa na sketi hawakuikasirikia suti na tai, ingawa zote zilitoka kwa Waingereza wale wale.

Katikati ya miaka ya sabini, barabara ile ile ya King's Road ilizaa mapanki. Kazi zilikuwa haba na vijana walikuwa na hasira. Vivienne Westwood na mwenzake Malcolm McLaren waliwauzia nguo zilizoraruliwa makusudi, minyororo, na pini za nepi zilizochomekwa kifuani. Waingereza wazima walitema mate chini. Lakini mwaka 1992 Malkia alimtunukia Westwood nishani, na pini zile sasa zimewekwa katika majumba ya makumbusho! Ndiyo desturi yao: anayewatukana kwa mavazi humngoja azeeke, kisha humvisha nishani.

Ya miaka ya themanini sina haja ya kuyarefusha. Mabega yalijazwa sponji, na Diana aliolewa mwaka 1981 kwa gauni lenye mkia wa futi 25.

Badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, halikuwa la urefu wa sketi. Lilikuwa la bei, na la mikono inayoshona. Chukua viatu vya Dr. Martens, vilivyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1960 kwa ajili ya wafanyakazi, kisha vikavaliwa na mapanki. Mwaka 2003 karibu kazi yote ilihamishiwa Asia. Nguo nazo zilihama hivyo hivyo. Blauzi ikawa rahisi kiasi cha kuvaliwa mara mbili tatu na kutupwa. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza huko Bangladesh liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi wa kike. Baadhi ya nguo walizokuwa wakishona zilikuwa za maduka ya Uingereza. Mwaka 2019 kamati ya Bunge la London iliripoti kwamba Waingereza hununua nguo nyingi kuliko wenzao wa Ulaya, ikapendekeza kila nguo itozwe peni moja ya kugharimia ukusanyaji wa zilizochakaa. Serikali ilikataa. Peni moja!

Basi nguo hizo huenda wapi? Nyingine hufungwa marobota na kuja kwetu. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kukomesha mitumba ili viwanda vyetu vipate kupumua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara, Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Silaumu mama anayelisha watoto kwa kuuza mitumba, wala mnunuzi mwenye shilingi mia mfukoni. Lakini nimewasikia wauzaji wa Gikomba wakilalamika kwamba "kamera", yaani nguo za chaguo la kwanza, zinapungua katika robota, na "fagia" zinaongezeka: kitambaa chepesi, mishono inayofumuka kabla ya kufuliwa. Robota hulipiwa kabla ya kufunguliwa, kwa hiyo hasara ni ya muuzaji. Zisizonunulika hutupwa kando ya soko, na mvua inyeshapo huchukuliwa na Mto Nairobi.