Je, 500/= ni Pesa au Maandishi?

Kwa wauza mitumba wa Kibuye, Jumapili ndiyo siku ya pesa. Jioni unamwachia mwanao mwanafunzi kazi ya kuingiza mauzo kwenye Excel, naye anaandika 500/= kama tulivyozoea sote kwenye risiti. Hapo ndipo hesabu huharibika! Kwa kompyuta, alama ya /= hugeuza kiasi hicho kuwa maandishi, na SUM huyaruka maandishi kimyakimya. Jumla inapungua, msaidizi wako anasingiziwa wizi. Mwambie aandike =ISTEXT(B2) katika kisanduku cha kando, kisha aiburute hadi chini. Penye TRUE, yaani kweli, pana maandishi: afute /= abakishe 500. Aangalie pia herufi O iliyojifanya sifuri.