Chuma cha Matatu na Mabega Yetu

Wenzangu, sisi wanafunzi wa kutwa twajua kuning'inia kwenye chuma cha matatu asubuhi. Makanga hupiga kelele, “Songeni, bado wawili!” nasi twasonga. Je, gari likigonga? Mkono ulioinuliwa huvutwa nyuma kwa nguvu, bega likateguka. Na likishateguka katika umri wetu, ni rahisi liteguke tena na tena. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zilitaka kila abiria awe na kiti na mkanda. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini mimi naona hii kinga yake ipo: gari likijaa, tusipande. Nanyi walimu wetu wapendwa, nawaomba msituadhibu tukichelewa kwa sababu hiyo. Heri kukosa gwaride kuliko kukosa mkono wa kuandikia.