Mkulima wa Kukodi Huvuna, Ofisi ya Kukodi Haivuni

Hivi karibuni nilikuwa Msasani, mjini Tukuyu, katika ofisi ndogo ya kikundi cha wakulima. Katibu alitaka kusahihisha hesabu za mapato alizoziandaa mwenyewe. Kompyuta ilimruhusu azisome, ikamkatalia kubadili hata tarakimu moja. Leseni ya programu ilikuwa imekwisha. Akachukua daftari na kalamu, akaanza kunakili kazi yake mwenyewe kutoka kwenye kioo.

Zamani programu ya ofisi ilinunuliwa mara moja, ikatumika hadi kompyuta izeeke. Microsoft ilipoleta Office 365 mwaka 2011, na Adobe ikafuata njia hiyo hiyo mwaka 2013, ununuzi uligeuka upangaji. Sasa hulipiwa kila mtumiaji, kila mwezi au mwaka: makarani watano, leseni tano. Bei hupangwa ng'ambo, mara nyingi kwa dola. Shilingi ikishuka, mzigo hupanda ingawa huduma ni ile ile. Ukiacha kulipa, kwanza huzuiwa kuhariri; muda uliowekwa ukipita, nyaraka zilizo kwenye seva zao huweza kufutwa.

Watetezi watasema gharama ya kuanzia ni ndogo, maboresho ya usalama huja yenyewe, na kompyuta ikiibwa nyaraka hubaki. Ni kweli, wala sipingi kupanga. Napinga kupanga bila haki ya mpangaji. Hapa Rungwe mtu hukodi shamba kwa msimu. Msimu ukiisha hurudisha ardhi, lakini mahindi huondoka nayo. Mwenye shamba atakayeyazuia tutamwita mnyang'anyi. Kwa nini wa kompyuta tumwite mtoa huduma?

Wala tusiseme hatukuwa na njia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Leo ni wangapi wanaoikumbuka? LibreOffice ipo, haidai ada, tunaipita.

Ndugu mtumishi wa umma, kabla hujatia saini mkataba, uliza: nyaraka zetu zitafunguka kwa programu nyingine? Nakala yetu iko wapi hapa nchini? Tukishindwa kulipa, tuna siku ngapi za kuzichukua? Asiyeweza kujibu, asipewe fedha ya wananchi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu wa dola si ndugu yetu.