Marehemu Bhalo Anatudai

Kwetu pwani, maiti akisha kuswaliwa, husimama mtu mmoja katika jamaa zake akasema kwa sauti ya kusikika: aliyekuwa akimdai marehemu na ajitokeze, deni lake litalipwa. Ni desturi njema, na asili yake imo katika dini, kwani deni la maiti hutangulizwa kabla mirathi haijagawanywa. Lakini katika umri wangu wote sijapata kumsikia mtu akisimama na kuuliza la upande wa pili wa daftari: je, nani hapa anadaiwa na marehemu?

Suali hili limenikaa moyoni tangu Aprili 2014, alipofariki dunia mjini Mombasa Ustadh Mohamed Khamis Juma Bhalo, yule aliyekuwa akijulikana na wakubwa kwa wadogo kwa jina la Juma Bhalo. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini riziki ilinipeleka Turkana, na habari ya msiba ilinikuta Lodwar, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Watu wa pwani tulioko huko si wengi. Twajuana kwa majina, na hukutana msikitini na katika maduka. Siku ile kila aliyekuwa na simu aliiweka sikioni kusikiliza vituo vya pwani vilivyokuwa vikisema nini. Na kwa kweli vilisema. Wanasalamu walituma rambirambi kutoka kila pembe, watangazaji walilia, na nyimbo za marehemu zilipigwa asubuhi mpaka usiku.

Ikapita wiki, yakapita na majonzi ya redioni. Zilirudi nyimbo za vijana na matangazo ya sabuni. Silaumu, kwani hakuna matanga yasiyoanuliwa. Ninalouliza ni hili: baada ya matanga, hesabu ya marehemu imekaliwa na nani?

ALIKUWA NANI

Kwa vijana waliozaliwa juzi, hapana budi kueleza kidogo. Juma Bhalo alizaliwa mwaka 1942. Alikulia katika ukoo wa malenga: jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mwenye diwani ya *Malenga wa Mvita* iliyotoka mwaka 1971, ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili wameikalia mitihani. Marehemu alisifika kwa ile taarab tunayoiita ya Kihindi. Alichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi, akazitia shairi la Kiswahili lililokamilika vina na mizani, akaimba kwa kinanda na tabla kwa koo ambalo mimi sijasikia mfano wake.

Wako waliombeza kwa kukopa sauti za Bombay. Mimi nasema aliyesikiliza maneno hakuwa na la kubeza. Sauti ilikuwa ngeni lakini fumbo lilikuwa la Mvita, na wazee waliohudhuria harusi zake walikuwa wakinyamaza kusikia beti linalofuata kama watu wanaongoja hukumu. Mwenzake wa zama hizo, Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, yeye alishika udi na sauti za Kiarabu. Wawili hao, pamoja na akina Matano Juma, Maulidi Juma na Bi Zuhura Swaleh, ndio waliojenga jina la taarab ya Mombasa.

DUKA LILILOKUWA KITUO

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno. Wakati wa ukoloni Mombasa ilikuwa na kituo chake cha redio, Sauti ya Mvita. Baada ya uhuru kituo hicho kilinyamaza, na kutoka mwaka 1964 redio ya nchi ikawa Sauti ya Kenya, chini ya serikali, makao yake makuu Nairobi. Sauti ya Kenya ilikuwa na fadhila zake, na taarab ilisikika humo. Lakini ilikuwa redio ya taifa zima, na muda wa taarab ulipimwa kwa kibaba. Shairi lenye ulimi mkali nalo lilikuwa na mlinzi wa kulisikiliza kabla halijapita. Redio ya mtu binafsi haikuruhusiwa kabisa. Mlango huo ulifunguliwa katika miaka ya 1990, na kituo cha kwanza kisicho cha serikali, Capital FM, kilianza Nairobi mwaka 1996.

Je, katika miaka hiyo yote watu wa pwani walisikiliza nini? Walisikiliza kanda. Na kanda zilitoka dukani. La kutajwa mbele ni Mbwana Radio Service, duka la Mombasa ambalo jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya kanda katika takriban kila nyumba niliyoingia utotoni. Kazi ya maduka ya namna hii ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kufanya: taarab ilirikodiwa pale pale harusini, pamoja na vigelegele na kelele za watoto, kisha mteja akaenda dukani, akachagua, akanakiliwa. Kanda moja iliazimwa nyumba kumi. Ilipanda mabasi ya Malindi na Lamu, ikavuka bahari mpaka Maskati na Dubai kwa jamaa zetu walioko huko.

Mimi nasema duka lile lilikuwa redio yetu huru kabla ya redio huru. Halikuwa na mlingoti wala leseni ya mawimbi, lakini lilikuwa na wasikilizaji, na halikuomba ruhusa ya mtu kuhusu wimbo upi usikike. Na lisingalisimama hata mwezi mmoja kama waimbaji wasingalikubali kinasa sauti kiwekwe mbele yao. Juma Bhalo na wenzake waliimba, rikodi ikatoka, duka likaishi. Hiyo ndiyo mimi naiita kuunga mkono kituo: mtu atoe pumzi yake ili wengine wapate kusikika.

Vituo vya watu binafsi vilipokuja kufunguliwa pwani, vilikuta hazina hii imekwisha wekwa tayari. Mtangazaji kijana alihitaji tu kuleta kanda ya babake. Wimbo wa Bhalo ukamletea wasikilizaji, wasikilizaji wakamletea matangazo ya biashara, na matangazo yakaleta fedha. Sisemi kwamba hakuna aliyelipa. Kama kipo kituo kilicholipa, na kijitokeze tukishukuru hadharani. Ninalolijua mimi ni kwamba niliwahi kuandikia kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nikaomba tu kwamba wimbo ukipigwa, jina la aliyetunga shairi litajwe pamoja na la mwimbaji. Nilijibiwa kwamba muda hautoshi. Muda wa kutaja jina la mwenye sabuni ulitosha.

DENI LENYEWE

Deni hili lina mafungu matatu. La kwanza ni fedha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya mwaka aliokufa, na haki ya rikodi huisha miaka 50 baada ya mwaka iliofanywa. Maana yake, shairi lolote alilolitunga Bhalo mwenyewe lina mwenyewe wake mpaka mwisho wa mwaka 2064. Lakini rikodi iliyofanywa mwaka 1970 ilitoka katika hifadhi mwisho wa mwaka 2020. Kila mwaka unaopita, fungu jingine la jasho lile huwa mali ya kila mpita njia. Warithi wasiojua hili watakuja kuamka siku ambayo hakuna cha kudai.

La pili ni jina. Wimbo wa taarab una watu wengi ndani yake: aliyetunga, aliyeimba, aliyepiga tabla, aliyeshika kinanda, na katika taarab ya Kihindi yumo pia mwenye sauti ya asili huko Bombay. Sisi tunamtaja mmoja, na mara nyingine hata yeye hatumtaji.

La tatu, na ndilo linalonitisha zaidi, ni kanda zenyewe. Kanda ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma; sauti imo katika unga huo. Joto huulegeza, unyevu huuotesha ukungu, na kila ikichezwa kwa chombo kibovu unga huo hukwanguka. Mombasa kuna unyevu na chumvi; Lodwar, ambako jua la mchana ni la kukausha nyama, kuna joto na vumbi. Ninazo kanda zangu kadha nilizokwenda nazo Turkana, na sauti ya mwimbaji ndani yake sasa yayumba kama mtu aimbaye ndani ya maji. Za kwangu ni nakala tu. Lakini zile za asili, zilizofungiwa makabatini Mji wa Kale, Malindi na Lamu, zikienda ndizo zimekwenda.

Wala tusiseme kwamba haiwezekani. Wageni waliweza: mfululizo wa *Zanzibara* wa Ufaransa ulitoa santuri nzima ya taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Wenzetu wa Nairobi waliweza: Ketebul Music walifuatilia mizizi ya benga kwa rikodi na maandishi. Sisi wenye mali ndio tuliobaki kununua sauti ya baba zetu dukani Paris.

WATAKAOSEMA NI DHAMBI

Najua wapo ndugu watakaoniambia: mwache marehemu apumzike, muziki si jambo la kumpelekea mtu kaburini. Mimi si mwanachuoni na sitafungua mlango ambao masheikh wenyewe wamekhitilafiana. Nasema mambo mawili tu. Kwanza, warithi waulizwe. Kama hawataki nyimbo zipigwe, zisipigwe, na hilo nalo ni kulipa deni. Pili, ndani ya nyimbo zile mna mashairi ya wasia, ya malezi na ya kuonya dhuluma, ambayo yanaweza kuandikwa yakasomwa bila hata kinanda kuguswa. Na anayechuma fedha kwa sauti ya maiti huku akiwanyima mayatima wake, huyo hawezi kujificha nyuma ya hoja ya kwamba muziki ni haramu. Tumeamrishwa kurudisha amana kwa wenyewe. Sauti ya mtu ni amana.

FUNZO LA LOKIRIAMA

Msomaji wa Mombasa ataniuliza Turkana yaingiaje hapa. Yaingia hivi. Magharibi ya Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda, pana mahali paitwapo Lokiriama. Hapo, mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, waliokuwa wameuana na kunyang'anyana ng'ombe miaka dahari, walipatana. Mapatano yale hayakuachwa katika faili la ofisi. Mahali pale pamewekwa ukumbusho, na pande mbili zimekuwa zikirudi kuadhimisha siku yao, wazee wakisema mbele ya vijana nini kiliahidiwa na nani aliahidi. Mipaka mingine ya wafugaji katika nchi hizi imeona ahadi nyingi zikiandikwa na kuvunjwa. Mapatano ya Lokiriama ndiyo yanayotolewa mfano.

Nilipofika huko nilijifunza kwamba kukumbuka si jambo la moyoni tu. Kukumbuka kuna mahali, kuna siku, na kuna watu wenye wajibu wa kusema. Lisiposemwa mbele ya watoto, hufa na wazee. Hata Kakuma, katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, niliona jambo la namna hiyo. Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akafa, Wakongo walioko kambini walikaa pamoja, wakapiga nyimbo zake moja baada ya moja, na kila wimbo mtu mzima aliwaeleza vijana ulitoka mwaka gani na nani alikuwa akipiga gitaa. Watu waliopoteza nyumba na nchi walikuwa na hesabu ya mwimbaji wao. Sisi tulio makwetu hatuna.

LA KUFANYA

Kwa hiyo natoa rai, na anayeona imepungua na aiongeze. Vituo vya redio vya pwani vichague usiku mmoja kila mwaka, mwezi wa Aprili alipofariki Bhalo au mwingine wowote, wapigiwe waimbaji waliotangulia. Na usiku huo kila wimbo utajwe mtunzi wake, wapigaji wake na harusi au mwaka wake, kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Matangazo ya biashara ya usiku huo yaandikwe, na sehemu yake ipelekwe kwa warithi kwa risiti. Serikali za kaunti za pwani, ambazo huwa na fedha za tamasha na mabango, zinunue vyombo vizuri vya kunakili kanda na zimlipe fundi anayejua kazi. Wenye kanda majumbani wasizitoe bure wala wasizitupe. Wazipeleke zinakiliwe, kisha warudishiwe zao mkononi.

Na wewe mwanasalamu, uliyetuma rambirambi tano kwa siku moja mwaka ule, kazi yako haijesha. Piga simu kituoni wiki hii, si kwa kuwasalimia jamaa. Uliza wimbo uliopigwa sasa hivi umetungwa na nani. Wakikwambia hawajui, piga tena kesho.