Hawakuzila Pesa, Hawakulipwa

Mwigizaji wa televisheni akilazwa hospitalini na familia yake ikatoa nambari ya M-Pesa, swali huwa ni lile lile. Utalisikia ndani ya matatu ya 46 inayoelekea Kawangware, utalisikia kwenye vibanda vya chai vya Olympic kule Kibera, utalisoma mitandaoni hata kabla mgonjwa hajapata kitanda: "Huyu si tulikuwa tunamwona kwa TV kila wiki? Pesa zake alipeleka wapi?" Na anayeuliza huwa tayari ana jibu. Alizinywa. Alihonga. Hakujua kuweka akiba. Mchango utatolewa, kwa sababu Wakenya hawana roho mbaya, lakini utatolewa pamoja na hukumu.

Hukumu hiyo ni ya uongo, tena ni uongo unaowafaa watu fulani. Imesimama juu ya imani moja ambayo ni wachache wanaoihoji: kwamba mtu anayejulikana na kila mtu lazima awe amelipwa vizuri. "Ameomoka," tunasema, mara tu jirani anapotokea kwenye skrini. Mwenye nyumba naye husikia hivyo, akapandisha kodi.

Mchukue Benson Wanjau, ambaye taifa zima lilimwita Mzee Ojwang'. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo kwa ustadi uliowafanya watazamaji wengi waamini kuwa amezaliwa Nyanza. Katika nchi ambayo jina la ukoo linaweza kukunyima kazi, kazi hiyo ya kutuchekesha pamoja bila kututenganisha ilikuwa utumishi wa taifa sawa na wa yeyote aliyevaa sare. Alitamba kwenye vipindi vya vichekesho vya Vioja Mahakamani na Vitimbi, akiwa na Mary Khavere, Mama Kayai wetu, miaka nenda miaka rudi. Macho yalipomtupa mkono, ilibidi wananchi wachange ndipo afanyiwe upasuaji. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kenyatta, na viongozi wakapanga foleni kumsifu. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Lakini zilikuja wakati hazingeweza tena kununua dawa.

Pesa zake alizipeleka wapi? Uliza kwanza zilitoka wapi. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962. Stesheni ya pili, KTN, ilikuja mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya Sauti ya Kenya, stesheni ya Serikali, kugeuzwa KBC. Kwa takriban miaka 28, basi, mwigizaji wa Kenya alikuwa na mnunuzi mmoja wa kazi yake, na mnunuzi huyo alikuwa Serikali. Ukiikataa bei yake, utamuuzia nani? Hapo hakukuwa na soko wala mapatano. Kulikuwa na bei, na kulikuwa na shukrani za kuonekana.

Stesheni za kibinafsi zilipoongezeka, wanunuzi wakawa wengi lakini namna ya kulipa haikubadilika sana. Mwigizaji hulipwa kwa siku ya kurekodi au kwa kipindi. Msimu ukifungwa, malipo yanafungwa. Na hapa ndipo macho yetu yanapotudanganya: kipindi hurekodiwa kwa majuma machache, kinaonyeshwa kwa miezi, kinarudiwa kwa miaka. Sisi tulio sebuleni tunahesabu miaka. Yeye alilipwa majuma. Kila marudio yanapotukaribisha tena kwenye uso wake, tunadhani kuna shilingi inayoingia mfukoni mwake, kumbe wakati huo huo anapanga namna ya kumkwepa mwenye nyumba.

Kibera ingepaswa kuwa mtaa wa mwisho kuamini kwamba anayesifiwa amelipwa, maana Kibera yenyewe ni deni la askari ambalo halijamalizwa. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni iliwaweka pale wanajeshi wa Kisudani wa King's African Rifles na familia zao, hao tunaowaita Wanubi leo. Walikuwa wamewapigania Waingereza popote walipoelekezwa. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Hatimiliki hawakupewa. Walipewa pasi, yaani ruhusa ya kukaa, kujenga na kulima katika ardhi ambayo serikali ilijiwekea yenyewe. Mwaka uliofuata, wanajeshi wa Kizungu waliotoka katika vita ile ile ya Wajerumani walianza kugawiwa mashamba katika nyanda za juu, kwa hati zilizoandikwa na kutiwa mhuri.

Ukipita Makina, humo humo Kibera, utaingia katika nyumba ambamo picha ya babu imetundikwa ukutani, amesimama wima na sare yake, mikono imebana mapajani, medali kifuani. Wajukuu wa mtu huyo waliitwa maskwota kwa miongo mingi. Waliambiwa wameivamia ardhi ambamo babu yao aliwekwa na jeshi lenyewe. Wengi walipofika umri wa kuchukua kitambulisho walihojiwa kana kwamba wameshuka jana kutoka Khartoum, mpaka kesi yao ikafika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hatimiliki ilipatikana Juni 2017, ya ekari 288. Toa 288 katika 4,197, halafu uniambie ni babu gani wa Kinubi aliyezinywa zilizobaki.

Vita vya Pili vya Dunia vilirudia yale yale. Makumi ya maelfu ya Wakenya walivaa sare, wengine wakafika Burma. Mwaka 2019, nyaraka za zamani zilipofichuliwa, ilibainika kuwa Uingereza ilipanga malipo ya kuwaaga askari wake kwa rangi ya ngozi: Mzungu aliyetoka makoloni ya Afrika aliweza kupata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Eusebio Mbiuki, Mkenya aliyepigana Burma, alikuwa na umri wa miaka 100 habari hizo zilipotoka. Alikuwa amekaa karne nzima, na bado kulikuwa na mtu ambaye angemuuliza mshahara wake wa vita aliufanyia nini.

Katika jeshi hilo la kikoloni kulikuwa pia na kikosi cha burudani. Fundi Konde, yule mpiga gitaa mashuhuri wa pwani, alikuwa mmoja wa wanakikosi hao. Walivushwa bahari kwenda kuwaimbia askari waliokuwa mbali na kwao. Hivyo msanii na askari wetu wamekula sahani moja tangu zamani, na sahani yenyewe ilikuwa na makofi mengi na nyama kidogo. Nasema haya kwa sababu kuna wanaodhani shida ya waigizaji ni ya juzi, ya vijana wa mitandao wasiojua thamani ya pesa. Ni desturi ya kale ya kumlipa mtu kwa heshima pale alipostahili fedha.

Wamarekani waliwahi kuwa na mtu aliyekuwa vyote viwili, mwanajeshi na mwigizaji wa televisheni. Ronald Reagan alitumika kama ofisa katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenye kikosi kilichokuwa kikitengeneza filamu za mafunzo, kisha akawa sura ya General Electric Theater kwenye televisheni kuanzia 1954 hadi 1962. Kabla ya kuwa rais wa nchi alikuwa rais wa chama cha waigizaji, na mwaka 1960 aliwaongoza katika mgomo uliozisimamisha studio kubwa za Hollywood. Walirudi kazini wakiwa na mfuko wa pensheni, bima ya afya, na malipo ya ziada kila filamu mpya ya sinema itakapouzwa kwa televisheni. Mwaka 2023 chama hicho kiligoma tena, siku 118, safari hii kwa ajili ya haki za waigizaji katika enzi ya Netflix na wenzake. Sina haja ya kumpenda Reagan wa Ikulu ili kuona alichokifanya hapo. Waigizaji wa Marekani si wacha Mungu kuliko wetu, na baa za Hollywood hazijawahi kukosa wateja. Walichonacho ni chama kinachoweza kufunga studio.

Najua nitatajiwa pombe. Mwaka 2021 mwigizaji mmoja aliyejulikana kupitia kipindi cha Tahidi High alilia mbele ya kamera, akachangiwa kwa wingi, na aliporudi kuomba tena miezi michache baadaye nchi ikamrukia. Mwenyewe alikiri kuwa pombe ilikuwa imemshinda. Sawa. Lakini walimu wanakunywa, makarani wa benki wanakunywa, polisi wanakunywa, na mmoja wao akianguka kuna bima, kuna likizo ya ugonjwa, kuna kiinua mgongo kinachomngoja. Mwigizaji akianguka anapokelewa na sakafu. Tena watu wanasahau mpangilio wa mambo: wengi hawakufilisika kwa sababu walianza kunywa. Simu iliacha kulia, msimu ukafungwa bila barua, mtaani bado wanakuita kwa jina la mhusika wako na kukuomba ya chai, na huwezi kwenda kubeba mawe ya mjengo kwa sababu mafundi wote wanakufahamu na watakupiga picha. Mtu wa hivyo ana njia chache za kupitisha jioni.

Ukitaka kuona umaskini huu ukitengenezwa, nenda Kibera asubuhi ambayo kampuni ya filamu imekuja. Tangu filamu ya The Constant Gardener ipigwe humo na kutoka mwaka 2005, kamera hazijakauka mtaani. Nimewahi kusimama kando ya foleni ya vijana waliokuwa wakiandikishwa kuigiza, wakiwa wameoga na kuvaa viatu vya Jumapili ilhali walikuwa wanatafutwa wachafu. Mratibu alikuwa na rundo la karatasi juu ya boneti ya gari, amelikandamiza kwa chupa ya maji. Ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama za dawa. Kijana anaonyeshwa kwa kidole pa kuandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Mmoja alianza kusoma. Hakufika mstari wa tatu. "Boss, kuna watu nyuma yako," akaambiwa, akatia sahihi. Katika mistari ambayo hakuifikia iliandikwa kwamba sura yake na sauti yake ni mali ya kampuni, duniani kote na daima, kwa malipo ya siku ile moja. Nakala hakupewa. Miaka kumi ijayo mtu atamwona kwenye filamu akiwa ndani ya ndege, na atasema kijana huyu wa Kibera aliomoka.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, pamoja na marekebisho ya 2019, inamtambua mwigizaji kama mtu mwenye haki juu ya uigizaji wake, na PRISK, jumuiya ya haki za wasanii watumbuizaji, ilianzishwa kuwakusanyia stahiki zao. Kinachokosekana ni wa kuisimamia sheria hiyo pale mbele ya boneti. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili pia. Aliyetia sahihi aondoke na nakala. Kipengele kinachochukua haki zote daima kwa ujira wa siku moja kikataliwe mahakamani kama tunavyokataa riba ya wizi. Na kipindi kinaporudiwa, walioigiza humo walipwe tena, hata kama ni kidogo, na kama wamefariki walipwe warithi wao.

KBC, iliyo mali yetu sote, inaweza kuanza bila kungoja mswada. Ina hazina ya Vitimbi na Vioja Mahakamani ambayo hakuna stesheni nyingine iliyo nayo. Itoe orodha ya vipindi vya zamani inavyoendelea kuvirusha, na kando ya kila kimoja iandike walioigiza au familia zao wanapata nini. Stesheni za kibinafsi nazo zitoe yao, kwa sababu tangazo la sabuni linalokatiza kipindi cha mwaka 2009 hulipiwa bei ya leo.