Kushukuru si kunyamaza

Kila Alhamisi ya nne ya Novemba, mida ya saa nne usiku, simu yangu hulia. Ni shangazi yangu aliye Texas, na huko ni mchana. Ananionyesha meza: bata mzinga mnene, viazi, pai ya malenge. Binamu zangu wanazunguka meza, kila mmoja anataja kitu kimoja anachoshukuria. Kisha simu inageuziwa mimi. “Na wewe je? Mwaka huu unashukuru nini?”

Mwaka ule nilioacha chuo nilikata simu. Nikasingizia bando zimeisha.

Elewa hali yangu. Nilikuwa mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikazuiwa kufanya mtihani. Nikarudi Kayole kulala kwenye sakafu ya beste yangu. Na kila niliyemweleza alikuwa na jibu moja: “Shukuru Mungu, angalau uko hai. Kuna wenye shida kukuliko.” Sasa mimi nilijua niko hai. Ndiyo maana ilikuwa inauma.

Hapa ndipo nina ugomvi na hili neno. Huku kwetu ukiambiwa “shukuru”, mara nyingi maana yake ni “nyamaza”. Bosi amekulipa nusu mshahara? Shukuru una kazi. Choo cha ploti kimeziba mwezi mzima? Shukuru una paa. Wewe umeambiwa hivyo mara ngapi? Na ukajibu nini?

Nikadhani basi sikukuu ya kina shangazi ni ya watu ambao maisha yamewanyookea. Nikaanza kusoma. Kumbe!

Wale Waingereza waliovuka bahari kwa Mayflower mwaka wa 1620 walikuwa abiria 102 hivi. Karibu nusu yao walikufa kabla ya majira ya baridi kuisha. Waliobaki walivuna mwaka wa 1621 na kula karamu pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa pale, ambao mwenzao mmoja alikuwa amewafunza kupanda mahindi. Baadaye wenyeji hao walipoteza ardhi yao, na tangu 1970 baadhi ya Wamarekani Asilia hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza. Meza moja, kumbukumbu mbili.

Na Rais Abraham Lincoln alipotangaza siku ya shukrani kwa taifa zima, ilikuwa 1863, Wamarekani wakiuana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo hakuamka tu akaamua. Mhariri mmoja wa jarida la wanawake, Sarah Josepha Hale, alikuwa amewaandikia viongozi barua kwa miaka mingi akiidai siku hiyo. Mwanamke alisumbua watu ili wapate siku ya kushukuru! Huyo hakunyamaza.

Sisi huku tuliiga ile Ijumaa inayofuata, ya ofa na punguzo za bei. Alhamisi yenyewe tukaiacha. Silaumu mtu, hata mimi nilinunua spika ambayo sikuihitaji.

Kuhusu kushukuru kila siku, kuna watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, waliochapisha utafiti mwaka wa 2003. Kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki mambo ya kushukuria, lingine likaandika kero zake. Walioandika shukrani waliripoti kuridhika zaidi na maisha yao kuliko wale wa kero. Nikajaribu. Wiki ya kwanza niliandika “uhai, afya, familia” kila usiku hadi nikachoka. Ilikuwa kama kujaza fomu.

Kilichonisaidia ni kuandika mtu badala ya kitu. Nani alinifanyia nini leo? Makanga aliyenibeba nikiwa nimepungukiwa na shilingi kumi. Beste ambaye hajawahi kuniuliza nitahama lini. Halafu kuna mama wa kibanda aliyenipa chapati na ndengu kwa deni wiki tatu, jina langu likiwa kwenye daftari lake, bila kunitangaza kwa wateja. Jambo kama hilo huliwekei siri kwenye kitabu chako. Unaenda kumwambia mwenyewe. Nilimwendea jioni moja, nikamweleza jinsi alivyoniokoa. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono, akaniuliza, “Sasa ile mia nne na hamsini?”

Nimeilipa, usijali.

Novemba hii shangazi akipiga, sitakata simu. Nitamtajia mama wa chapati, na nitamwambia pia kwamba bado ninataka kumaliza chuo na bado karo sina. Na kile choo cha ploti kimeziba tena. Nimeshamwandikia mwenye nyumba mara mbili, kesho namwandikia ya tatu.