Namba za Vyombo vya Kuhifadhia Zipewe Majina

Msafiri ashukaye katika stesheni ya Same, akiipima nafasi iliyopo baina ya reli mbili, atapata milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Kipimo hicho kilichaguliwa na Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, wakaipitisha chini ya milima ya Upare hadi Moshi. Waingereza nao, walipoanza reli ya Mombasa kwenda Ziwa Viktoria mwaka 1896, walichagua mita moja ile ile. Madola hayo mawili yaliingia vitani mwaka 1914, na mwaka 1916 Waingereza wakaiunganisha reli yao ya Voi na ile ya Wajerumani pale Kahe, kaskazini ya milima hii. Mabehewa ya Mombasa yalipita juu ya reli ya adui pasipo kubadilishwa magurudumu. Tulinganishe na Kidatu, ambako reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na upana wa milimita 1,067, hukutana na tawi la Reli ya Kati lenye upana wa mita moja. Kwa ajili ya milimita 67 tu, hapana budi shehena ihamishwe kutoka behewa hadi behewa.

Namba ya namna hiyo, ambayo pande mbili huifuata hata kama hazijapata kukutana, ndiyo mada ya maoni yangu. Imo katika kila kompyuta iliyopo shuleni, ingawa ni nadra kutajwa darasani. Diski hutengenezwa na kiwanda kimoja. Kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya programu inayosimamia vyombo vyote vya kompyuta, huandikwa na watu wengine walio mbali, ambao hawajapata kukiona kiwanda hicho. Hata hivyo viwili hivyo huelewana mara tu diski inapochomekwa. Huelewana kwa sababu ipo itifaki, yaani mapatano yaliyoandikwa, yasemayo kwamba amri fulani itapelekwa kwa namba fulani, na kwamba namba hiyo haitabadilika.

Tuchukue itifaki iitwayo SCSI, iliyotolewa kuwa kanuni rasmi nchini Marekani mwaka 1986. Namba zake kwa desturi huandikwa kwa mtindo wa kuhesabu kwa kumi na sita, ambamo baada ya 9 hufuata herufi A hadi F, na mbele yake huwekwa alama 0x. Basi 0x12, ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 18, ni swali: wewe ni nani? 0x25 huuliza: una nafasi kiasi gani? 0x28 husema: soma. 0x2A husema: andika. Flashi anayoinunua mwanafunzi dukani leo hii mjini Same hupokea amri zake ndani ya bahasha ya baiti 31, kwa mapatano ya USB ya mwaka 1999, na kila bahasha huanza na herufi nne, USBC. Lakini ukiifungua bahasha hiyo utakuta swali ni lile lile, 0x12, la mwaka 1986. Mtengenezaji wa flashi huenda alikuwa hajazaliwa swali hilo lilipopewa namba.

Mwandishi wa kiini anaweza kuzitumia namba hizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiandika namba yenyewe, ikiwa uchi, kila mahali anapoihitaji. Ya pili ni kuipa namba jina mara moja tu, katika faili moja, na baada ya hapo kulitaja jina siku zote. Kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikianza huko Helsinki mwaka 1991 na ambacho kila mtu ana ruhusa ya kukisoma bila malipo, hufuata njia ya pili. Limo ndani yake faili liitwalo scsi_proto.h, na humo kila amri ina mstari wake: READ_10 ni 0x28, WRITE_10 ni 0x2a, na kadhalika. Faili lenyewe halifanyi kazi yoyote. Ni orodha tu, na mwanafunzi mwenye haraka atalipita.

Wapo walimu, tena walimu hodari, wanaosema kwamba jambo hili ni la unadhifu tu, sawa na kupiga mstari chini ya kichwa cha habari. Sikubaliani nao hata kidogo. Hebu na tuziandike amri zile mbili, soma na andika, kwa biti zake nane: 00101000 na 00101010. Tofauti yake ni biti moja. Kidole kikiteleza, mwanafunzi aliyekusudia kusoma alama za mtihani za kidato kizima huwa ameiamuru diski iandike juu yake. Diski haitamwuliza kama ana hakika. Kwa upande wake 0x2A ni amri halali kama ilivyo 0x28.

Sasa tazama jinsi jina linavyotusaidia. Mwanafunzi akikosea herufi moja ya jina, akaandika REDA_10, kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi yake kuwa lugha ya mashine, itakataa kuendelea kwa kuwa hailijui neno hilo. Akikosea tarakimu moja ya namba uchi, kompaila itaipokea bila neno, kwa sababu kwake namba zote ni sawa. Maana yake ni kwamba jina hulihamisha kosa kutoka kwenye diski, ambako lingeharibu kitu, na kulileta mezani, ambako halimdhuru mtu. Anayeuita huo unadhifu hajapata kupoteza diski.

Tena namba peke yake haisemi ni ya lugha gani. Katika SCSI, 0x25 huuliza ukubwa wa chombo. Katika itifaki ya ATA, iliyotumiwa na diski nyingi za kompyuta za mezani, 0x25 hiyo hiyo ni amri ya kusoma. Itifaki ya NVMe, iliyotolewa mwaka 2011, huandika kwa 0x01 na kusoma kwa 0x02. Msomaji anayeikuta 0x25 katikati ya ukurasa, haina jina, atafanyaje? Itambidi asome kurasa kumi za nyuma apate kujua ni chombo gani kinachozungumziwa, na huenda akakisia vibaya.

Ipo amri moja ambayo ningependa kila mwalimu wa Upare aifundishe kwanza, kwa sababu mfano wake anao karibu. Wenyeji wa milimani wanaifahamu ndiva, lile bwawa dogo linalojengwa penye mfereji ili likusanye maji usiku, kisha yafunguliwe mchana yakiwa na nguvu ya kufika shambani. Maji yaliyomo ndivani bado si maji ya mahindi. Diski nayo ina ndiva yake. Inapopokea maandishi huyaweka kwanza katika kumbukumbu ndogo ya haraka, hujibu kwamba imekwisha pokea, kisha huyapeleka polepole mahali pake pa kudumu. Umeme ukikatika kabla hayajafika, mara nyingi hupotea, ingawa kompyuta ilikwisha kuambiwa kwamba mambo ni tayari. Kwa hiyo kila itifaki ina amri ya kuifungua ndiva na kungoja mpaka maji yote yafike: katika SCSI ni 0x35, katika ATA ni 0xE7, katika NVMe ni 0x00.

Angalia namba hizo tatu. Hazifanani hata kidogo. Na ile 0x00, katika SCSI, huuliza tu kama chombo kiko tayari. Mwandishi aliyezoea NVMe, akiandika 0x00 uchi katika sehemu ya SCSI, ataulizia hali ya diski, diski itajibu kwamba haijambo, naye ataamini kwamba maandishi yamefika salama. Kosa hilo halitaonekana siku ile, wala mwezi ule. Litaonekana siku umeme utakapokatika katikati ya kazi, na wakati huo hakuna atakayekumbuka mstari ulioandikwa mwaka uliopita. Shule za milimani zinajua umeme unavyokatika. Nadhani sihitaji kuendelea.

Si amri peke yake zinazohitaji majina. Mipaka nayo inahitaji. ATA ya zamani ilitumia biti 28 kuitaja sekta ya diski, na kila sekta ilikuwa na baiti 512. Kwa hiyo sekta zilizoweza kutajwa ni 268,435,456, na ukizidisha kwa 512 unapata baiti 137,438,953,472. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuhakikisha hesabu hiyo. Diski zilipopita ukubwa huo, toleo la mwaka 2002 liliongeza biti zikawa 48. Programu ambayo haikurekebishwa, na ambayo huzitupa biti zilizozidi, ikitakiwa kuandika katika sekta ya 268,435,456 huandika katika sekta ya 0, yaani mwanzoni kabisa mwa diski, mahali penye ramani ya vyote vilivyomo. Aliyeuweka mpaka huo katika mstari mmoja wenye jina anajua aanzie wapi kurekebisha. Aliyeutawanya katika mafaili ishirini hana budi kuuwinda faili kwa faili, na mmoja uliomponyoka unatosha kumharibia.

Nafika sasa kwenye neno ambalo najua halitawapendeza wote. Hushikiliwa kwamba mambo haya hayafundishiki katika sekondari zetu kwa sababu majina yote ni ya Kiingereza, na kijana anayehangaika na lugha hawezi kuhangaika tena na diski. Lakini jina halivuki waya. Kompaila hulibadili kuwa namba, na namba peke yake ndiyo iifikiayo diski. Diski haijui kwamba duniani kuna Kiingereza. Namba hatuwezi kuibadili, kama vile behewa la mita moja lisivyoweza kupita juu ya reli ya TAZARA. Bali jina tunaweza kulichagua wenyewe. Darasa la Same linaweza kuandika faili lake hivi:

#define ULIZA_WEWE_NI_NANI 0x12
#define ULIZA_UKUBWA 0x25
#define SOMA_10 0x28
#define ANDIKA_10 0x2A
#define FUNGUA_NDIVA 0x35

na chombo kitajibu sawasawa na kinavyomjibu mhandisi wa Helsinki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyo kwa Kiswahili kitupu. Ilikuwa kazi ya heshima, nasi tulijifunza kwamba maneno ya menyu na dirisha yanapatikana tukiyatafuta. Lakini tulibaki juu juu, kwenye sehemu anayoiona mtumiaji. Sioni kwa nini lugha iliyoweza kumwelekeza karani isiweze kumwelekeza mwanafunzi anayesoma kiini.

Sisemi kwamba majina hayo yapelekwe katika kiini cha Linux chenyewe. Faili lile husomwa na watu wa mataifa yote, na anayetaka kuchangia hana budi kutumia majina yaliyokubaliwa. Nazungumzia daftari la kujifunzia. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika FUNGUA_NDIVA kwa mkono wake, akikutana baadaye na jina la Kiingereza la amri hiyo, atakuwa anajifunza neno tu, maana anayo tayari.

Wala kompyuta nyingi hazihitajiki. Orodha ile ya amri inaweza kunakiliwa ubaoni, na biti zikahesabiwa kwa chaki. Penye kompyuta moja yenye Linux, mwalimu atafute flashi ya zamani isiyo na kitu cha thamani, wala asiguse diski yenye kumbukumbu za shule. Linux ina mlango uitwao SG_IO, ambao programu ndogo ya lugha ya C huweza kuupitia na kupeleka amri moja kwa moja kwenye chombo. Aanze na ULIZA_WEWE_NI_NANI, ambayo haiandiki chochote, akiomba baiti 36 za jibu. Biti tano za chini za baiti ya kwanza zikiwa sifuri zote, chombo kinasema kwamba ni cha aina ya diski. Kuhesabu baiti huanza na 0: ya 8 hadi ya 15 ni jina la mtengenezaji, ya 16 hadi ya 31 ni jina la chombo, na nne za mwisho ni toleo lake. Flashi za bei rahisi mara nyingine hutoa jina lisilo na maana au nafasi tupu, na wanafunzi watacheka.